Simu Yako Ni Kibarua, Usiifanye Bwana Shamba

Nimekaa kimya wiki tatu, mtanisamehe. Barabara ya kwenda Mabwepande ikinyeshewa kidogo tu pikipiki inageuka jembe, na simu zenu nazo hazipungui. Leo sitaandika kuhusu mbegu wala mbolea. Naandika kuhusu hicho kitu ambacho siku hizi mnakiuliza kabla ya kuniuliza mimi.

Nianze na kijana mmoja wa upande wa Bunju. Ameniruhusu nisimulie, jina nimeliacha. Ana robo tatu ya ekari ya nyanya, mipira ya matone imetandazwa vizuri, daftari la gharama anaandika, yaani ni mmoja wa wale ninaowatolea mfano. Januari nyanya zimeanza kushika matunda, miche ikaanza kulala mchana. Asubuhi imesimama, saa nane imelala. Siku ya tatu mingine haikusimama tena. Akachukua simu, akabonyeza kile kitufe cha kipaza sauti, akamuuliza msaidizi: "Nyanya zangu zinanyauka, nifanye nini?"

Akajibiwa, na akajibiwa kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Aongeze maji kwa sababu ya joto. Apulize dawa ya ukungu kila baada ya siku saba. Aangalie upungufu wa virutubisho. Mwisho msaidizi akamtakia mafanikio katika kilimo chake. Kijana akafanya vyote. Akafungulia maji asubuhi na jioni, akaenda duka la pembejeo akanunua dawa mbili za ukungu, laki na nusu ikakatika hapo hapo. Siku ya kumi na moja ndipo akanipigia: "Shikamoo bwana shamba, samahani, naomba uje uone."

Nilipofika sikuuliza maswali mengi. Majani yalikuwa yamelala yakiwa bado ya kijani, hayakuanza kwa njano ya chini. Nikamwomba glasi ya maji safi, ya kuonyesha, siyo kikombe cha plastiki. Nikakata kipande cha shina karibu na ardhi, nikakishikilia kininginie kwenye maji bila kukitikisa. Dakika tatu hazikufika, ukaanza kushuka uzi mweupe kama moshi, kama maziwa yanayochuruzika. Huo ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa ya kupuliza, dawa ya ukungu haiugusi kabisa, na udongo uliolowana ndio unaufurahia. Kati ya miche elfu tano, elfu moja na zaidi ilikuwa imekwenda, na kila aliposhika mche mgonjwa na kuhamia mzima kwa mkasi ule ule wa kupogolea alikuwa anaugawa mwenyewe kwa mkono wake.

Sasa kabla hamjasema bwana shamba ana wivu na simu, subirini. Nitafika kwenye aibu yangu pia.

Kwanza tuelewane hiki kitu kinafanyaje kazi, maana nimegundua wengi wenu mnadhani kuna mtu mahali fulani, au kuna kabati la majibu sahihi, na simu inakwenda kuchomoa. Hakuna.

Wasaidizi hawa wana historia yake. Mwaka 2003 wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani ulianza kufadhili mradi mkubwa ulioitwa CALO, ukisimamiwa na taasisi ya utafiti ya SRI kule California. Jina lenyewe lilichukuliwa kutoka neno la Kilatini lenye maana ya mtumishi wa askari. Mtumishi, kumbukeni hilo neno. Kutokana na kazi ile ikazaliwa Siri, ambayo Apple waliiweka kwenye simu zao mwaka 2011. Mwaka 2014 Amazon wakaleta Alexa, Google nao wakaja na wa kwao 2016. Wote hao walizaliwa hawajui Kiswahili. Sisi tulianza kuonekana Agosti 2017, pale Google walipoongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti. Halafu mwishoni mwa Novemba 2022 ikatoka ChatGPT, na tangu hapo kila mtu ana msaidizi wa kupiga naye soga.

Ndani yake kuna kazi nne zinazopokezana. Kuna sikio, programu ndogo inayokaa macho muda wote ikisubiri kuitwa jina lake, au isubiri wewe ubonyeze kitufe. Kisha sauti yako inakatwa vipande vidogo vidogo, vya sehemu ndogo ya sekunde, na kugeuzwa maandishi. Mara nyingi kazi hiyo haifanyiki kwenye simu yako. Sauti inasafiri kwa bando lako mpaka kwenye kompyuta kubwa za kampuni, huko mbali. Halafu maandishi yanaingia kwenye ubongo wenyewe, ile akili mnemba. Mwisho jibu linageuzwa sauti tena unasomewa.

Hapo kwenye sikio na maandishi pekee pana kichekesho cha kutosha. Mimi nimejaribu. Nimetamka "kantangaze", yule mdudu wa nyanya tunayemjua wote, simu ikaandika "kaka tangaze". Ukisema chainizi inafikiri unataka kwenda China. Siyo ujinga wa mashine, ni kwamba haijawahi kusikia watu wa Tegeta wakiongea mambo ya Tegeta. Mashine ya kusikia hufundishwa kwa sauti za watu wengi, maelfu ya saa. Lugha ambayo watu wake hawajarekodiwa, mashine inaisikia kama mtu aliyeziba masikio kwa pamba.

Lakini kinachowachomea mtaji ni ile kazi ya tatu, ubongo. Nikikuanzishia sentensi, "mkulima alipanda mahindi, akayapalilia, akayawekea...", kichwani mwako umeshamalizia "mbolea". Hukufikiri, umesikia sentensi za namna hiyo mara nyingi. Akili mnemba inafanya hivyo hivyo. Imesomeshwa maandishi mengi kuliko ambayo binadamu yeyote angeweza kusoma, ikajifunza neno gani huwa linafuata neno gani. Unapouliza, inakisia neno la kwanza, halafu la pili, halafu la tatu, mpaka jibu limekamilika. Inakisia vizuri sana, siwadanganyi, mara nyingi inapatia. Ila ikikosea inakosea kwa sauti ile ile, kwa adabu ile ile. Mtu muongo utamjua kwa macho au kwa kigugumizi. Huyu hana macho wala kigugumizi.

Na maandishi iliyosomeshwa mengi ni ya Kiingereza. Kiswahili ni kidogo, na Kiswahili cha kilimo ni kidogo ndani ya hicho kidogo. Kwa hiyo mara nyingi unapewa ushauri wa shamba la Ulaya uliovalishwa kanzu. Niliwahi kuuliza wakati wa kusia mbegu za kabichi, nikaambiwa nisie "majira ya kuchipua baada ya baridi kali kuisha". Kunduchi! Baridi kali ya Kunduchi ni ipi jamani, ya feni?

Kuna jambo la hekta, na hapa naomba msome pole pole. Ushauri mwingi wa kitaalamu duniani hutolewa kwa hekta. Sisi tunaongea ekari. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Nimeona kwa macho yangu jibu lililochukua kiwango cha hekta likakiita cha ekari. Ukifuata hivyo umemwaga dawa mara mbili na nusu ya kiwango, kwenye mchicha ambao keshokutwa unaupeleka sokoni Tegeta Nyuki na mtoto wa mtu anaula jioni. Hapo hatuongelei mtaji tena.

Haya, sasa aibu yangu.

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa Mabwepande aliniita nimwangalizie muhogo wake. Nilikwenda jioni, nimechoka, nimetoka kwenye vikao viwili. Majani ya chini yalikuwa na njano njano pembezoni mwa vishipa. Nikamwambia, "Mama, haya ni majani yanazeeka, na ardhi yako imechoka, weka samadi." Akanishukuru, akanifungia na papai mbili. Akaweka samadi. Msimu uliofuata akakata vipando kutoka shamba lile lile, akapanda ekari nyingine nzima, na wajukuu wakamsaidia. Alipokuja kuvuna, ukikata muhogo ndani una mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo cha chupa. Ulikuwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Siyo ugonjwa mgeni huo, uliandikwa kwa mara ya kwanza duniani hapa hapa kwetu, na mtafiti wa kituo cha Amani kule Usambara, mwaka 1936. Na mimi mwenye cheti ukutani nikauita uzee wa majani.

Mama yule hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, na wewe ni binadamu." Ningependelea angenigombeza.

Baadaye nikakutana na habari za Nuru. Wengine mnaijua, ni programu ya simu ya PlantVillage, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na FAO na IITA. Unafungua kamera, unaelekeza kwenye jani, inakuambia inachokiona, inaongea Kiswahili na haihitaji bando ukiwa shambani. Kinachonifurahisha ni ilikoanzia. Picha 2,756 za majani ya muhogo zilizotumika kuifundisha hesabu ya kwanza, utafiti uliotoka 2017, zilipigwa kwenye mashamba ya majaribio ya IITA Bagamoyo. Bagamoyo hapo! Ukipanda daladala Tegeta, saa moja na kitu umefika. Yaani mashine hii haikusomeshwa majani ya Ulaya, ilisomeshwa majani yetu, yenye magonjwa yetu, chini ya jua letu.

Kwenye majaribio ya mwanzo ilipatia asilimia 93. Ilipopelekwa kwenye mashamba halisi, na simu za kawaida, ikashuka sana, hasa pale dalili zilipokuwa ndogo. Watafiti hawakuficha, waliandika. Wakaendelea kuirekebisha. Kisha mwaka 2020 wakachapisha matokeo ya kuipambanisha na binadamu. Nuru ilipatia asilimia 65. Wakulima walipatia kati ya 18 na 31. Na sisi maafisa ugani? Kati ya 40 na 58.

Nilisoma ile namba nikaweka simu chini. Nikasimama nikaenda kunywa maji. Sikuwamo kwenye utafiti ule, lakini najua ningeangukia wapi, mama wa Mabwepande ni shahidi.

Kuna kitu kingine kwenye matokeo yale ambacho watu hawakisemi, na kwangu ndicho kikubwa zaidi. Nuru ilipoonyeshwa majani sita ya mmea badala ya jani moja, ilipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Mashine ni ile ile, shamba ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mtu alijipa kazi ya kuangalia majani sita. Ningejipa kazi hiyo jioni ile, ningeinama, ningeangalia mche wa pili na wa tatu, ningeng'oa mmoja nikakata kiazi chake, labda nisingehitaji simu. Uchovu wangu ulimgharimu mama yule ekari nzima.

Kwa hiyo msimamo wangu siyo kwamba simu haijui na mimi najua. Simu zipo za aina nyingi, na kosa letu ni kuziita zote jina moja. Nuru imefundishwa kitu kidogo, imepimwa kwa kitu hicho hicho, na waliopima wametuambia inakosea mara ngapi. Yule msaidizi wa soga aliyemjibu kijana wa Bunju anajibu kila kitu, kuanzia nyanya mpaka talaka, na kwenye nyanya za Bunju hakuna aliyempima. Ukimkuta mtu anajiita fundi wa kila kitu, umeme yeye, bomba yeye, gari yeye, nyumba yako utampa? Mimi simpi.

Katikati ya hao wawili kuna aina ya tatu inayokuja, na hii ndiyo ya kuitazama. Shirika la Digital Green, lililoanzia India, limetengeneza msaidizi anaitwa Farmer.Chat, ambaye anatumika pia kwa jirani zetu Kenya, na Kiswahili anakijua. Akili mnemba ya ndani ni ya namna ile ile ya kukisia maneno, lakini kabla ya kujibu inalazimishwa kwenda kutafuta kwenye maktaba ya maelezo yaliyohakikiwa na wataalamu wa kilimo, halafu ijibu kutokana na ilichokikuta. Ni kama tofauti ya mwanafunzi anayejibu mtihani kwa kukumbuka kumbuka na yule aliyeruhusiwa kufungua kitabu. Wa pili naye anaweza kusoma ukurasa usio wenyewe, ila angalau kuna kitabu, na kitabu unaweza kukikagua.

Na kwenye upande wa sikio kuna kazi inafanyika. Mwaka 2021 Mozilla walipata dola milioni 3.4, kutoka kwa Wakfu wa Gates, Ujerumani na Uingereza, kwa ajili ya kukuza Kiswahili kwenye mradi wao wa Common Voice. Watu wa kawaida wanasoma sentensi kwenye simu, wengine wanasikiliza na kuthibitisha, na sauti zote zinaachwa wazi ili yeyote atengeneze chombo chake bila kulipa. Miradi ya kilimo ilikuwamo kwenye waliopewa fedha za kujaribu, mmojawapo ni Kiazi Bora, wa kuwasaidia akina mama kupata kwa sauti maelezo ya viazi lishe. Mimi mwenyewe nimekaa barazani nimesoma sentensi, mke wangu akadhani nimechanganyikiwa. Ukiwa na bando la usiku na huna la kufanya, kasome na wewe. Lafudhi ya Kipare, ya Kimakonde, ya Kizaramo, zote zinatakiwa. La sivyo mashine itajifunza Kiswahili cha mtangazaji wa redio tu.

Sasa mtaniuliza, bwana shamba wewe unatumia? Natumia, tena kila siku. Lebo ya dawa imeandikwa kwa Kiingereza cha herufi za sisimizi, napiga picha natafsiriwa, halafu nahakikisha namba kwa macho yangu. Kijana anataka mchanganuo wa banda la kuku mia tatu wa mayai kwa ajili ya kuombea mkopo, namwambia akaandike na msaidizi wake, aje na rasimu, tukae nayo tuiparure. Kuandika barua, kupanga ratiba ya chanjo kwenye kalenda, kupiga hesabu ya gharama kwa trei, huko simu inawashinda wengi wetu na haichoki. Kazi za kibarua mzuri. Unampa kazi unayoijua, unaikagua ikiisha.

Ninachokataa ni kumkabidhi maamuzi ambayo yakiharibika hayarudi. Jina la dawa na kiwango chake usichukue kwenye soga hata siku moja. Chukua kwenye lebo, na uhakikishe dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Kung'oa shamba, kuuza mifugo, kukopa, hivyo navyo usiamue kwa jibu la sekunde nne. Na kabla hujamwamini kwa usilolijua, mpime kwa unalolijua. Muulize kuhusu zao ulilolima miaka mitano. Ukiona anapotoka hapo, basi jua anapotoka kwingine pia, tofauti ni kwamba kwingine hutamshika.

Kuuliza nako ni kazi. "Nyanya zangu zinanyauka" siyo swali, ni kilio. Hata mimi ukinipigia hivyo siwezi kukujibu vizuri. Umri wa miche, majani yamelala yakiwa kijani au njano, tatizo limeanzia chini au juu, mche mmoja mmoja au mstari mzima, msimu uliopita ulipanda nini hapo, maji unatoa wapi. Nilimrudisha yule kijana kwenye simu yake mbele yangu, tukauliza upya kwa maelezo hayo yote. Safari hii likatokea neno bakteria, likawa la tatu kwenye orodha, ila likatokea. Akaniangalia. Nikamwambia, umeona? Macho yalikuwa ya kwako, mashine ilikuwa inasubiri uyatumie.

Kidogo kuhusu siri zenu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, ipo na Tume yake. Ni jambo jema, lakini sheria haitakuzuia wewe mwenyewe kumsimulia msaidizi bei unayomuuzia mteja wako wa hoteli, namba ya akaunti na picha ya hati ya kiwanja. Mnabandika vitu vya ajabu humo. Nimeona.

Nimalizie na linaloniuma zaidi, na hili ni la kwetu wenyewe maafisa ugani pamoja na wakubwa wetu. Mwaka 2022 serikali ilitugawia pikipiki, na vifaa vya kupimia udongo, tunashukuru. Lakini nenda ofisi yoyote ya kata ufungue kabati. Kuna madaftari ya ziara ya miaka na miaka: ugonjwa gani ulitokea wapi, mvua zilianza lini, mbegu ipi ilivumilia chumvi ya kisima cha Ununio, kuku walikufa na nini mwezi gani. Mchwa wanayasoma kuliko binadamu. Halafu tunashangaa mashine inatuambia habari za baridi kali! Itayajua wapi ya Kunduchi, kama ya Kunduchi yapo kwenye kabati na kwenye kichwa cha mzee mmoja anayestaafu mwakani? Bagamoyo walipiga picha 2,756 na dunia nzima ya muhogo ikafaidika. Sisi tuna miaka ya mnyauko, kantangaze na kideri bila picha hata moja yenye tarehe.

Nimeanza na la kwangu. Kila jioni naandika ziara kwenye simu: tarehe, eneo, zao, dalili, nilichosema, na baada ya wiki mbili narudi kuandika kama nilipatia. Hiyo safu ya mwisho ndiyo ngumu kujaza. Mwezi uliopita, kati ya ziara ishirini na sita, kuna sita nilikosea. Nimeziacha zilivyo. Nawaomba vijana mnaofuga na kulima ukanda huu tufanye pamoja, picha sita za majani siyo moja, na tarehe, na mwisho wake ulikuwaje. Wenye ujuzi wa kompyuta kati yenu, na najua mpo, njooni tuone tunaipangaje ili siku watengenezaji wa hivyo vyombo wakija, au siku mmoja wenu akitengeneza chake, tusiwape mikono mitupu.

Kijana wa Bunju aliing'oa ile miche yote, akaifukia mbali na maji, akaosha vifaa. Wiki mbili baadaye akanitumia picha ya kioo cha simu yake. Alikuwa ameuliza apande nini pale baada ya nyanya zenye mnyauko. Msaidizi alimpa mazao manne, la kwanza mahindi, sawa kabisa, la pili bilinganya. Bilinganya ni ndugu wa damu wa nyanya, anakufa kwa ugonjwa ule ule. Chini ya picha kijana ameandika: "Bwana shamba, leo nimemkamata mwenyewe."

Alipanda mahindi. Sasa hivi yamebeba, na wachoma mahindi wa barabara ya Bagamoyo wameshaanza kumzungukia wakitaja bei za ajabu. Kesho nakwenda kumwona, nitapitia kwa mama wa Mabwepande kwanza. Amepata vipando vipya vilivyothibitishwa, na safari hii nakwenda asubuhi.